Shajara ya mradi: Riwaya ya kijasusi ya 1915 humchukua msomaji wa Nakuru saa ngapi?

Kikundi chetu cha usomaji hukutana Jumamosi alasiri mtaani Kaptembwa, Nakuru. Kitabu cha mwaka huu ni The Thirty-Nine Steps cha John Buchan, na kabla ya kumkabidhi mtu nakala tunataka kujibu maswali mawili ambayo kila mwanachama huuliza: ni kigumu kiasi gani, na kitanichukua muda gani? Majibu yanayopatikana kwa urahisi yamepimwa kwa wasomaji waliokua na Kiingereza nyumbani. Wanachama wetu ni muuguzi, fundi cherehani, vijana waliomaliza kidato cha nne, dereva wa matatu na mwalimu mstaafu. Kiingereza wamekipata darasani. Shajara hii inaeleza tulivyotafuta majibu ya kwetu, pamoja na gharama, ili kikundi kingine cha Njoro au Kisumu kiendeleze kazi pale tulipoifikisha.

11 Januari 2025: Andiko na nakala

Buchan alifariki Februari 1940. Sheria ya Kenya hulinda hakimiliki ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, kwa hiyo riwaya hii ni ya umma na tuna haki ya kuichapa. Andiko lake liko bure Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni: sura 10, maneno kama 41,000. Kwa riwaya ni fupi, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua.

Sababu ya pili ni mhusika mkuu. Richard Hannay ni mhandisi wa migodi aliyetoka Bulawayo, yuko London na jiji limemchosha. Jirani yake, Scudder, anamjia na siri ya njama. Siku chache baadaye Hannay anamkuta ameuawa mle mle ndani ya nyumba. Anatoroka akiwa amevaa kama muuza maziwa, anapanda treni hadi Galloway, kusini magharibi mwa Scotland, na huko anawindwa na polisi upande mmoja na majasusi upande wa pili. Buchan mwenyewe alifanya kazi Afrika Kusini kati ya 1901 na 1903, na mtazamo wa mtu aliyetoka nje unaonekana kila mahali kitabuni.

Gharama: nakala mama kwenye saiba, kurasa 100 hivi kwa shilingi 10 kila mmoja, ni 1,000. Fotokopi ni shilingi 3 kwa ukurasa, na kujalidi 100, kwa hiyo kila nakala ya msomaji imefika shilingi 400. Msichape kwa herufi ndogo ili kuokoa karatasi. Taa za jioni mitaani kwetu hazitoshi kwa herufi hizo, na macho yakichoka kipimo cha muda hakiaminiki tena.

25 Januari: Fomula yasema ni rahisi

Tulianza na fomula ya Rudolf Flesch ya 1948, ya kupima wepesi wa andiko la Kiingereza, kwa sababu ni bure na penseli inatosha. Huhesabu mambo mawili tu: sentensi ina maneno mangapi, na neno lina silabi ngapi. Unaanza na 206.835, unatoa wastani wa maneno kwa sentensi mara 1.015, kisha unatoa wastani wa silabi kwa neno mara 84.6. Alama zikikaribia 100 andiko ni jepesi. Zikishuka chini ya 30 ni la wasomi. Ndugu yake, fomula ya Flesch–Kincaid, ilitengenezwa mwaka 1975 kwa ajili ya vitabu vya mafunzo vya Jeshi la Wanamaji la Marekani, nayo hutoa jibu kama ngazi ya darasa la shule.

Vipande tulivyochukua kutoka sura mbalimbali vilitoka vyepesi vyote, kiwango cha mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi. Kwa Buchan hilo linaeleweka: anaandika sentensi za mbio, zisizo na mapambo, kwa maneno mafupi.

Lakini muuguzi wetu, ambaye husoma miongozo ya dawa kwa Kiingereza kila siku ya kazi, alirudisha sura ya tano baada ya kurasa mbili. Hakuna fomula iliyotuonya. Ili wote waone tatizo liko wapi, niliandika sentensi yangu kwa maneno ya aina ile ile ya nchi ya vilima:

He went up the brae in the gloaming.

Maneno 8, silabi 9. Wastani wa silabi kwa neno ni 1.125. Ukipiga hesabu, alama za Flesch ni 103.5, na za Flesch–Kincaid ni 0.8, yaani chini hata ya darasa la kwanza la Marekani. Msomaji wetu anapita mwanzo wa sentensi bila shida, halafu anagonga brae, ambao ni mteremko wa kilima, kisha gloaming, ule muda giza la jioni linapoanza kuingia. Akibaki bila hayo mawili, hajui mtu alikwenda wapi wala saa ngapi, na katika hadithi ya kuwindwa porini hayo ndiyo mambo yenyewe. Fomula inaona neno fupi na kulihesabu jepesi. Haina njia ya kujua kama msomaji amewahi kukutana nalo.

Gharama: sifuri, ukiacha muda wa kuhesabu silabi.

8 Februari: Fomula hiyo hiyo kwa Kiswahili

Tunaandika muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiswahili utangulie kila sura, na mwanachama mmoja alipendekeza tuupime nao. Haifai kabisa. Chukua "Alipanda mlima jioni." Maneno 3, silabi 10, alama hasi 78. Kwa mujibu wa fomula, hilo ni andiko lisilosomeka na binadamu, ilhali mtoto wa darasa la pili Nakuru analisoma akitembea. Neno la Kiswahili hubeba nafsi, wakati na kitenzi kwa pamoja, kwa hiyo silabi nyingi si dalili ya ugumu. Yeyote anayefanya kazi kama hii asipoteze jioni yake huko.

Badala yake, muhtasari anapewa mtu ambaye hajasoma sura, anausoma mara moja, anaufunika, anasimulia. Akikwama, tunaandika upya pale alipokwama. Inatosha.

22 Februari: Saa ya kwanza ilidanganya

Sasa muda. Mwanasaikolojia Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikusanya tafiti nyingi za kasi ya kusoma Kiingereza, na mwaka 2019 akatoa wastani: maneno 238 kwa dakika kwa maandishi ya taarifa, 260 kwa hadithi, na 183 kwa kusoma kwa sauti. Gawanya 41,000 kwa 260, unapata dakika 158, yaani saa 2 na dakika 38. Kwa sauti ni saa 3 na dakika 44. Ndiyo maana mtandaoni utaambiwa hiki ni kitabu cha jioni moja.

Jaribio la kwanza lilikuwa la dakika moja: kila mtu asome ukurasa wa kwanza, simu ilie, aweke alama alipofika. Matokeo yalipendeza na hayakuwa na maana. Watu walikimbia kana kwamba ni mashindano, na ukurasa wa kwanza wa kitabu hiki ndio mwepesi kuliko yote, kwa kuwa Hannay anaeleza tu kuchoka kwake. Kasi zilizotoka zingempa kila mmoja kitabu kizima ndani ya saa tatu. Mwisho wa sura, wengi hawakuweza kueleza Scudder alikuwa akiogopa nini.

Tulibadilisha mambo matatu. Kwanza, kinachopimwa ni sura nzima, nyumbani, mahali mtu anaposomea siku zote. Pili, msomaji anaandika pembeni dakika aliyoanza, kila aliposimama na aliporudi, kwa sababu dereva wetu husoma akisubiri abiria wajae na hawezi kukaa na kitabu mfululizo. Tatu, muda haukubaliwi mpaka asimulie sura kwa maneno yake mbele ya mwenzake. Akishindwa kusimulia, anarudi kusoma, na muda wa kurudia unajumlishwa na ule wa kwanza. Hapo ndipo namba zilipoanza kufanana na maisha: wengi wetu tulikuwa kati ya maneno 110 na 160 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kitabu ni kati ya saa 4 na dakika 16 na saa 6 na dakika 13, kabla ya kuhesabu sura ngumu.

Ninasisitiza hili la kusimulia. Bila hilo unapima mwendo wa macho tu.

15 Machi: Zoezi la kujaza mapengo

Kasi haisemi kwa nini mtu amekwama, kwa hiyo tulihamia kipimo cha Wilson Taylor cha 1953. Unachukua kipande cha maneno 250 hivi, unaacha sentensi ya kwanza nzima, kisha unafuta kila neno la tano mpaka mapengo yafike 50. Msomaji anajaza. Kwa vipimo vya John Bormuth vya miaka ya 1960, aliyepata asilimia 57 na zaidi anaweza kusoma peke yake, aliye kati ya 44 na 57 anahitaji msaada, na chini ya 44 andiko limemzidi. Kwa mapengo 50 maana yake ni hivi: kuanzia 29 yuko huru, 22 hadi 28 asaidiwe, chini ya 22 tusimwache peke yake.

Karatasi ni ukurasa mmoja kwa kipande, shilingi 3 kwa kila mtu. Kwa bei hiyo hakuna kipimo kilichotufundisha zaidi.

Mzozo ulikuwa kwenye kusahihisha. Neno linakubaliwa likiwa lile lile alilotumia mwandishi, basi. Fundi cherehani alipinga waziwazi: "Mwalimu, nimeandika neno lenye maana ile ile, mbona umelikata?" Mwalimu mstaafu alimjibu vizuri: mipaka ya 44 na 57 iliwekwa kwa sheria hiyo hiyo ya neno lenyewe, na ndiyo maana iko chini sana kuliko alama za mtihani wa shule. Ukianza kukubali visawe, unapata alama kubwa zaidi lakini hujui tena mpaka uko wapi. Tulichoongeza ni kukubali makosa ya tahajia, na kumwambia kila mtu kabla ya kuanza kwamba nusu ya mapengo ni matokeo mazuri. Kabla ya kusema hivyo, vijana wawili walikata tamaa katikati ya karatasi.

Tulipima sura ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya tatu, mkutano wa Hannay na mwenye nyumba ya wageni anayetamani kuwa mwandishi, ilikuwa nyepesi kwa karibu wote. Ya kwanza iliangukia katikati, kwa sababu nitakayoieleza Aprili. Ya tano iliwaangusha wengi chini ya 22. Humo Hannay anajifanya mfanyakazi wa barabara, na yule mfanyakazi halisi anaongea Kiskoti kilichoandikwa jinsi kinavyosikika. Kumbukeni fomula iliziweka sura hizo zote ngazi moja.

5 Aprili: Faharasa tatu

Faharasa ya kwanza tuliiweka mwisho wa kitabu, kwa alfabeti, kurasa nyingi. Ilishindwa. Mtu anayesoma hadithi ya mbio hataki kufunua nyuma kila baada ya aya. Wengine waliacha kuitazama, wengine waliitazama mpaka wakapoteza kisa. Wale walioitumia kwa bidii ndio waliochukua muda mrefu zaidi.

Ya pili tuliiweka chini ya kila ukurasa, maneno yote magumu. Hiyo nayo ililemea ukurasa. Hapo tukarudi kwenye kazi ya Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, anayekadiria kwamba ili kusoma bila msaada unahitaji kujua asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yako, na kwamba kwa riwaya za Kiingereza hilo hudai familia za maneno 8,000 hadi 9,000, familia moja ikiwa neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo. Lakini hata kwenye asilimia 98, kitabu cha maneno 41,000 kinabaki na 820 yasiyojulikana, kama 8 kwa ukurasa wetu. Kwa hiyo msomaji mzuri naye husoma akiruka vitu. Kazi ya faharasa ni kumshika pale asipopaswa kuruka.

Ya tatu, iliyodumu, ni kipande cha karatasi kinachokaa ndani ya sura kama alama ya kurasa, na hakizidi maneno 15. Neno linaingia tu ikiwa kulikosa kunakupoteza kwenye kisa. Majani ya vilimani hayamo. Burn, kijito, limo, kwa sababu Hannay hujificha na kukimbia kwa kufuata vijito. Herd limo, kwa sababu wasomaji wetu waliona kundi la mifugo pale ambapo Mskoti anamtaja mchungaji mwenyewe, na mtu mzima akatoweka kwenye hadithi. Glen, bonde jembamba, na moor, uwanda mtupu wa vilimani, yamo, na hapo wanachama wawili waliokulia Molo walitusaidia kuliko kamusi yoyote: ukungu wa asubuhi, kondoo, baridi inayopenya sweta, nyumba moja moja zilizotawanyika, vilima ambavyo mtu akisimama juu yake anaonekana kutoka mbali. Walieleza kwa nini Hannay anaogopa uwanda mtupu kuliko msitu, na wenzao wakasoma sura ya sita kwa kasi ambayo hatukuitarajia.

Kiskoti cha sura ya tano hatukukitia kwenye kipande. Dawa yake ni sauti. Heid likitamkwa, sikio linasikia head, yaani kichwa. Maister likitamkwa, master, yaani bwana, anajitokeza. Sasa sura hiyo inasomwa kwa pamoja siku ya Jumamosi, mwalimu mstaafu akiwa mfanyakazi wa barabara, wengine wakifuata kwa macho. Muda wake umepanda, kwa sababu kusoma kwa sauti ni polepole, lakini hakuna aliyeirudisha tena.

Gharama: uchapaji wa faharasa mbili zilizoachwa ulitumeza shilingi 900. Vipande vya sasa ni shilingi 30 kwa msomaji mmoja, kitabu kizima.

26 Aprili: Yale ambayo mwandishi aliona hayahitaji kuelezwa

Sura ya kwanza si ngumu kwa maneno. Ni ngumu kwa sababu Buchan aliandika kwa watu waliokuwa wakisoma gazeti la wiki ile. Hadithi inaanza Mei 1914; ilitoka kwa mfululizo katika Blackwood's Magazine kuanzia Julai hadi Septemba 1915, kisha ikawa kitabu Oktoba. Msomaji wa wakati huo alijua kilichofuata: Franz Ferdinand kuuawa Sarajevo tarehe 28 Juni, na Uingereza kuingia vitani tarehe 4 Agosti. Wetu hawakuwa na hayo. Vijana walipoteza bando wakimtafuta Karolides, Waziri Mkuu wa Ugiriki anayetajwa na Scudder, ambaye ni wa kubuni. Aliyekuwepo kweli ni Eleftherios Venizelos.

Tuliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosomwa kabla ya yote, na tuliuanzia hapa kwetu. Treni zilikuwa zikipita Nakuru na kufika ziwani Kisumu tangu 1901. Vita vilipoanza, viliingia Kisii mapema, Septemba 1914, pale Wajerumani waliotoka upande wa Tanzania ya sasa walipopigana na Waingereza. Wanaume wa huku walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, bado linaitwa kila siku Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Baada ya hapo mtu anasoma sura ya kwanza akijua njama hiyo iliishia wapi, hata mlangoni kwa babu yake.

Ukurasa huo una onyo pia. Scudder anawasingizia Wayahudi kuwa nyuma ya kila kitu. Katika sura ya nne Hannay anasoma daftari lake na kugundua kwamba maelezo hayo yalikuwa ya uongo, lakini chuki imeshasemwa na wengi hawafiki sura ya nne siku hiyo hiyo. Tunataka msomaji ajue mapema.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa sura ya tisa. Scudder ameacha maandishi kuhusu ngazi 39 na maji kujaa saa 10:17 usiku kwa saa ya Kizungu, na Hannay lazima atafute mahali panapolingana. Ziwa Nakuru halijai na kupwa. Waliolelewa bara walidhani maji hujaa saa ile ile kila mahali na kila siku, hivyo walishindwa kuona kwa nini kidokezo hicho kinabana eneo la kutafuta. Mwanachama aliyekulia Mombasa alisimama na kueleza kwa lugha ya kwao: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, huchelewa kama dakika 50 kila siku inayofuata, bamvua, yaani maji makubwa, huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kila bandari ina saa yake. Maelezo yake sasa ni aya moja nyuma ya kipande cha sura ya tisa. Mwandishi yeyote wa mwongozo wa kitabu hiki kwa watu wa bara asiikose aya hiyo.

17 Mei: Hesabu ya sasa

Msomaji wetu mwepesi humaliza kitabu kwa saa 5 hivi. Wa polepole, anayesimulia kila sura na kurudia panapohitajika, hufika saa 8 au 9. Tunampangia mtu wiki tano, sura mbili kwa wiki, na kumwambia wazi kwamba wiki ya kwanza na ya tatu ndizo nzito: ya kwanza kwa siasa za 1914, ya tatu kwa Kiskoti. Sura ya nane ni ndefu kidogo kwa majina na vyeo vya serikali lakini huenda haraka, kwa kuwa kila mtu anataka kujua nani ni nani mezani.

Kifurushi kizima kwa msomaji mmoja, yaani nakala, ukurasa wa 1914, vipande vya sura na karatasi tatu za mapengo, ni shilingi 442 bila kuhesabu nakala mama. Karatasi za mapengo tunazitoa kabla ya kitabu: aliye chini ya 22 kwenye kipande cha sura ya kwanza anapangiwa mwenza, na wawili hao husoma pamoja hadi sura ya tatu.

Bado sijapima sura ya kumi kwa mapengo. Wasomaji wanaipita haraka, lakini masimulizi yao yanatofautiana kuhusu ni kitu gani hasa kilichomfanya Hannay awe na hakika mwishoni, na nashuku wanaharakishwa na hamu. Vipande vyake viwili vimeshaandaliwa kwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Baada ya hapo tutapima The Riddle of the Sands cha Erskine Childers, cha 1903, kirefu zaidi na kimejaa istilahi za matanga na mchanga wa baharini. Aliyekulia Mombasa ameshaombwa akae karibu.